Sungura na vifuu vya shangazi

Haya wandugu, wale mliozoea kuja hapa kusoma habari za bandari na bei ya korosho mniwie radhi. Leo ni zamu ya sungura. Tena si yule mjanja wa hadithi za bibi. Huyu ni sungura wa kweli, dume, mweupe mwenye sikio moja jeusi, anayeishi ndani ya kizimba cha mbao na waya nyuma ya jiko la shangazi yangu kule Msimbati, kwenye Ghuba ya Mnazi, mkoani Mtwara. Kwa wasiopajua: ukifuata pwani kuelekea kusini kidogo tu unafika mdomo wa Mto Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Mnazi, mchanga mweupe, mitumbwi, na usiku ukimya unaokufanya usikie kila kitu.

Na nilichokuwa nasikia usiku ni krrr, krrr, krrr. Sungura anatafuna waya. Anaanza baada ya sala ya isha, anapumzika alfajiri. Mchana analamba mguu wake wa mbele, palepale, mpaka manyoya yameisha na ngozi inaonekana nyekundu. Shangazi alikuwa ameshatoa hukumu. "Mwanangu, huyu kachoka kuishi. Tumchinje kabla hajakonda." Sikumlaumu hata kidogo. Sungura ni nyama, na kwa shangazi mnyama anayekaa kizimbani halafu halii, hatagi, halindi nyumba, ana kazi moja tu iliyobaki.

Tatizo lilikuwa mwenye sungura. Ni mjukuu wa shangazi, binti wa darasa la tano, aliyempata akiwa kadogo ka kukaa kiganjani, kwa kubadilishana na jogoo wake mwenyewe. Aliposikia habari ya kisu hakulia. Aliacha kula tu. Siku ya kwanza tulidhani ni mchezo, siku ya pili usiku shangazi akaanza kuniangalia mimi, kana kwamba mtu wa kutoka Dar mwenye kalamu na daftari lazima ana dawa. Nikaomba wiki mbili.

Nieleze kwanza ninavyolielewa jambo lenyewe, maana kuna wenzangu mjini mnafuga sungura na simbilisi kwenye maghorofa na mnasikia krrr hiyohiyo mnadhani ni njaa. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, kiasi cha milimita 2 hivi kwa wiki yale ya mbele. Kazi ya kuyasaga anaifanya mwenyewe kwa kutafuna nyasi na vitu vigumu. Asipopata cha kutafuna, meno yanarefuka hadi kula kunakuwa shida. Hilo ni la meno. La kichwa ni kubwa zaidi. Sungura huyu wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno, si wa porini kwetu. Yule wetu wa hadithi ni ndugu wa mbali tu, analala juu ya ardhi na hachimbi handaki. Huyu mgeni babu zake walichimba mahandaki, wakaishi kwa makundi, wakashinda na hofu ya mwewe. Sasa umemweka ndani ya sanduku la hatua mbili, peke yake, chakula kinaletwa asubuhi na jioni. Afanye nini na siku nzima iliyobaki? Anatafuna waya. Akimaliza waya anajitafuna mwenyewe.

(Angalizo dogo: kama wako ni jike na ananyofoa manyoya ya kifuani halafu anayatandika, huyo anajenga kiota. Ana mimba, au anadhani anayo. Mwache.)

Haya si maneno ya wapenda wanyama tu. Mwaka 1947 mwanasaikolojia mmoja wa Kanada, Donald Hebb, aliandika kwamba panya aliowapeleka nyumbani kwake wakalelewa na familia yake kama wanyama wa nyumbani walishinda wenzao wa maabara kwenye majaribio ya kutafuta njia. Mwaka 1964 Marian Diamond na wenzake huko Berkeley, Marekani, wakaonyesha kwamba panya waliokaa kwenye vizimba vyenye wenzao na vitu vya kuchezea, tena vinavyobadilishwa, walikuwa na ganda la ubongo nene kuliko waliokaa peke yao kwenye vizimba vitupu. Hebu fikiri. Mchezo unabadilisha ubongo wenyewe, kitu cha kupimwa kwa kipimo.

Shangazi sikumweleza habari za Berkeley. Nilimweleza habari za panya buku. Huku Kusini ukitaja panya watu wanatabasamu, maana wa shambani ni kitoweo na hatuoni aibu, kwa hiyo nilijua atanisikiliza. Nikamwambia kuna panya buku wanafundishwa pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, na shirika la APOPO, kunusa mabomu ya ardhini. Wanafundishwa kwa zawadi ya ndizi na karanga. Ni wepesi kiasi kwamba wakikanyaga bomu halilipuki. Wamefanya kazi Msumbiji, ng'ambo hapo, mpaka Septemba 2015 nchi ile ilipotangazwa kuwa haina tena maeneo yanayojulikana kuwa na mabomu hayo. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alitegua kitendawili hichohicho huko Kambodia na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza, panya wa kwanza kuipata. Na hao panya hawafungiwi tu wakisubiri kazi. Wana chungu cha udongo cha kulalia, wana vya kutafuna, wanatolewa kucheza. 

Shangazi alinyamaza. Yeye alikuwa mtoto wakimbizi walipovuka Ruvuma wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza 1964, na habari za watu waliokanyaga vitu shambani alizisikia akiwa mdogo. Akasema, "Kumbe panya naye ana kazi." Halafu akaongeza, "Lakini huyu wako anataka nini?"

Nikasema anataka kifuu.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Ukisoma maandishi ya wenzetu wa Ulaya kuhusu vichezeo vya wanyama wadogo, utaambiwa tumia mabaki ya jikoni, vitu ambavyo ungetupa. Sasa njoo Msimbati unionyeshe kinachotupwa. Nazi ikivunjwa, tui linaenda kwenye mchuzi, machicha wanapewa kuku. Kifuu ni kuni, na kikiwa kizuri kinakuwa upawa au kata ya maji. Makumbi yanafukiwa, yanapigwa, yanasokotwa kamba, na yasiyosokotwa yanawasha moto. Maganda ya muhogo yanaanikwa kwa ajili ya mbuzi. Pumba zina bata wake. Pakacha bovu linawashia jiko. Mimi nilifika na wazo la kutengeneza kichezeo cha bure kutokana na taka, nikakuta taka hamna. Kila kitu kina mwenyewe, na sungura amekuja foleni wa mwisho.

Na kuni si mzaha pale. Mikoko inalindwa kisheria, na tangu mwaka 2000 eneo lote hilo ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo huwezi kuchukua shoka ukashuka ufukweni unavyotaka. Mkaa ni hela. Kifuu kinawaka kwa moto mkali usio na moshi mwingi, ndiyo maana shangazi anavipanga ukutani kama matofali. Anasema vinne vikishika vizuri vinachemsha chai ya watu sita.

Naomba nitoke nje ya mada kidogo, mtanisamehe, ni ugonjwa wa kazi. Gesi asilia ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, palepale Msimbati. Bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilikamilika 2015, baada ya vurugu za Mtwara za 2013 ambazo sote tunazikumbuka. Ukiwa kwa shangazi usiku kilichopo chini ya miguu yako kinawasha taa za mjini. Jikoni kwake kinawaka kifuu. Na msidhani mtungi wa gesi unaouzwa dukani unatoka hapo, ule ni gesi ya aina nyingine inayoingizwa nchini kwa meli. Kwa hiyo niliposema "shangazi, nipe vifuu viwili vya sungura", nilikuwa naomba nusu ya chai ya familia ili mnyama achezee. Alivyoniangalia ndivyo ambavyo na mimi ningemwangalia mtu.

Aliyetatua ni binti. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akasema, "Bibi, akimaliza kukitafuna si bado kitawaka?"

Tukapewa viwili. Kwa mkopo.

Sasa tuingie kazini. Kifuu kizuri cha sungura ni cha nazi iliyokomaa, ambacho kimekunwa hadi mwisho. Nyama ikibaki ina mafuta, inachacha, inaleta sisimizi, na sungura mafuta hayamfai. Tulikichemsha, tukakianika jua la siku moja, kisha tukasugua ukingo kwenye sakafu ya saruji mpaka ukawa butu. Kutoboa usihangaike na kokote: nazi ina macho matatu na moja huwa laini, hapo msumari wa moto unapita kama kwenye papai. Tukapitisha kamba ya makumbi, nene, fupi, tukakining'iniza usawa wa pua yake. Ndani tukajaza nyasi kavu na katikati tukaficha matembele kidogo. Kazi ya sungura ni kuking'ata, kukipindua, kukivuta, hadi matembele yaanguke. Kifuu kinayumba, kinagonga mbao, tok, tok. Ile siku ya kwanza alikiogopa, akajibanza kona. Usiku wa pili nikasikia tok, tok. Binti naye alisikia, maana nilimwona amekaa kitako kitandani gizani anasikiliza.

La pili lilikuwa pakacha. Nalipenda kuliko vyote. Shangazi mwingine jirani alisuka dogo la makuti mabichi, dakika chache tu, mikono ile haiangalii hata inachofanya. Usichukue lililobebea samaki, utajuta na mnyama hatalisogelea. Tuliliweka kifudifudi, tukatoboa mlango. Sungura akaingia, akalala. Kesho yake akaanza kulila kutoka ndani, ukuta baada ya ukuta, kama mpangaji anayebomoa nyumba akiwa ndani yake. Lilidumu siku tano. Mabaki yakawashia jiko.

Maganda ya mahindi, yale majani ya nje, unayakunja kama sambusa, ndani unaweka nyasi na kijani kidogo, unafunga kwa utepe wa ganda lenyewe. Atafungua zawadi kila siku. Gunzi lenyewe sungura usimpe, vipande vyake vinaweza kuziba tumbo. Mbwa ndiyo kabisa. Vijiti vya mpera vinatafunwa vizuri, na majani yake pia.

Na kigae. Kama kuna kitu kimoja ningependa watu wa joto wakichukue kutoka hapa ni hiki. Sungura hatoi jasho kama sisi, joto lake linatokea zaidi masikioni, na joto la Mtwara la kuanzia Novemba linaweza kumuua ndani ya mchana mmoja. Mtungi wa maji ukivunjika, chukua kipande kikubwa, kiloweke mpaka kinywe maji, kiweke kivulini ndani ya kizimba. Udongo unavyotoa maji unapoa. Alilala juu yake kila mchana ubavu mmoja, miguu nyuma, kama mzee barazani. Ni kichezeo au kitanda sijui, lakini hicho hakikuwa na mgogoro, maana kigae hakiwaki.

Sasa ya hatari, na hapa pwani yetu ina zake ambazo vitabu vya ng'ambo havitakwambia. Ganda la korosho kamwe. Linaonekana zuri, gumu, dogo, Mtwara limejaa kila mahali, mtoto anaweza kudhani ndilo lenyewe. Lina mafuta yanayounguza ngozi. Waulizeni kina mama wanaobangua kwa mkono kwa nini wanajipaka majivu viganjani. Sasa mafuta hayo yaingie mdomoni mwa mnyama wa kilo mbili. Matawi ya mkorosho vilevile yaacheni, na mwembe ni wa ukoo mmoja, utomvu wake nao unawasha. Ganda bichi la muhogo na kisamvu kibichi vina sumu. Mbuzi anapewa ganda lililokauka vizuri, tena kwa kiasi. Sungura msimpe kabisa. Nyuzi za nyavu, zile za nailoni zinazookotwa ufukweni, zinavutia kwa kuning'inizia vitu. Zinamkaba, au anazimeza. Hata kamba ya makumbi ikianza kuchambuka nyuzi ndefu inatolewa. Binti alipewa kazi ya kukagua kila asubuhi kabla ya shule, na alikuwa mkali kuliko afisa wa forodha.

Mlioko Dar, Mombasa, Nairobi, msiniambie hamna minazi. Nenda sokoni pale wanapokuna nazi kwa mashine, utakuta vifuu vimerundikwa, ongea na mwenyewe vizuri, naye atakuuzia kwa bei ya kuni maana ndiyo thamani yake. Trei la mayai la karatasi, lisilo na uchafu wa mayai, mfunikie nyasi ndani. Boksi la dukani, baada ya kutoa gundi za plastiki na pini. Mwenye simbilisi akumbuke kwamba mnyama huyo, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, kwa hiyo unachomfichia ndani ya kifuu kiwe kipande cha pera. Na kwa wote: vichezeo havichukui nafasi ya nyasi, wala nafasi ya mwenzake. Sungura anataka sungura mwingine. Hilo la mwenzake nililigusia kwa shangazi mara moja. Nilijibiwa kwa kicheko.

Wiki mbili ziliisha. Waya ulikuwa bado unatafunwa, sitawadanganya, ila kidogo, kama mtu anayevuta sigara moja baada ya chakula. Mguu ulikuwa umeota manyoya mafupi ya kijivu. Binti alikuwa anakula, tena anakula akiwa amechuchumaa mbele ya kizimba. Shangazi hakutamka kwamba hukumu imefutwa, na wala hakuna aliyethubutu kuuliza.

Nilichokiona siku ya kuondoka ni hiki. Kifuu cha kwanza kilikuwa kimeng'atwa pande zote, ukingo umekuwa kama msumeno. Binti alikifungua, akakikagua, akakipeleka jikoni mwenyewe kama tulivyoahidi. Shangazi alikishika, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa moto, akapitisha kidole kwenye alama za meno. Kisha akakiweka juu ya rafu, pembeni ya chumvi, akachukua kingine ukutani akatia motoni.